Fundi Kamera na Bango la Ng'ambo

Fundi kamera haamini mtu. Ukimpelekea kamera kuukuu ya mkanda, ukamwambia picha zinatoka na ukungu, hushuku macho yako kwanza. "Hebu nisomee lile bango la ng'ambo, mwanangu," husema, huku akizungusha pete ya lenzi taratibu, sikio kalitega kama anayedukiza ugomvi wa jirani. Kila nikimrudishia kamera ya marehemu baba, nalisoma bango, anaifungua, anaifunga, na picha zinazidi ukungu.

Leo shaka ikaniingia mimi. Bango limeandikwa "Viatu vya Shule". Nikasoma kwa sauti: "Mikate ya Moto." Akalikodolea macho bango, kisha akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Macho yako mazima. Mbovu ni kamera. Iache niirekebishe."