Siku Elisée Alipoachia Gazi

Kolwezi, madereva wa pikipiki wanaovaa kofia ngumu ni wachache, na Elisée Nkulu alikuwa mmoja wao. Wenzake pale kwenye maegesho ya soko walimwita Pasta, ingawa alikuwa Mkatoliki na hakupenda kuhubiri. Hakuonja pombe akiwa kazini. Wachimbaji wakimwomba awapeleke machimboni pamoja na magunia yao, aliwaambia wachague, mtu au gunia.

Alizaliwa Kasaji, ambako baba yake alifanya kazi ya reli mpaka treni ikawa kitu cha kusikia tu. Kijana akaja Kolwezi kutafuta madini kama wengine. Alichimba kwa msimu mmoja, kisha shimo la jirani likafunika watu, naye akaacha. Barabara aliiona afadhali. Barabarani, alisema, angalau hatari unaiona inakuja.

Tata Philippe, mzee mwenye mali wa mjini, alimfahamu kwa sababu Elisée ndiye aliyewapeleka watoto wake shuleni. Mzee huyo alikuwa mtu wa kukodisha magari kwa migodi, na kando ya ziwa la Nzilo, juu ya bwawa la umeme, alikuwa amejenga mahali pa kupumzikia: vibanda vya nyasi, samaki wa kuchoma, muziki. Akaagiza jetski kutoka ng'ambo, zile pikipiki za maji, akamtafuta mtu wa kuzungusha wageni siku za Jumapili.

"Mi sijaendesha kintu ya maji hata siku moja," Elisée alimwambia.

"Ni sawa moto yako tu," tata Philippe akajibu, akiielekezea kidole pikipiki ya Elisée, kisha akashika kishikio cha mafuta na usukani wa jetski. "Gazi hii hapa, gidoni hii hapa. Tena huku hakuna mashimo."

Akamwonyesha kamba ya kufunga mkononi, ambayo ukianguka inachomoka na kuzima injini. Akamwonyesha majaketi ya kuelea. Kisha simu yake ikalia, akaondoka akiongea, na mafunzo yakaishia hapo.

Elisée aliyashika yote aliyoambiwa. Hakuna mgeni aliyepanda bila jaketi, na vifungo alivikaza mwenyewe. Wenye kulewa aliwakatalia kwa adabu. Alikwenda katikati ya ziwa, akazunguka kwa upana huku gazi imefunguka, akarudi. Kazi ilikwenda vizuri kwa muda mrefu, maana kule katikati hakukuwa na chochote cha kukwepa.

Halafu tata Philippe akataka apite karibu na ukingo, ili wageni wapigwe picha vizuri na wenzao waliokaa mezani.

"Tata, kule kuko bavuvi," Elisée alisema.

"Bavuvi banakuonaka. Batatoka tu."

Jumapili moja nyuma yake alikaa Chancelle, karani wa ofisi moja ya mjini, aliyekuja na wenzake wa kazini. Upepo ulikuwa umeanza kusukuma vimawimbi, na jua lilikuwa limeinamia maji, likipiga machoni. Walipokaribia matete, mtumbwi ukachomoza. Ndani yake alisimama Séraphin Mbayo, mvuvi wa pale pale, akivuta wavu.

Elisée alimwona mapema. Akafanya kile ambacho mikono yake ilikuwa imefanya miaka yote kwa mbuzi, kwa watoto na kwa malori ya madini: akaachia gazi na kukata usukani. Injini ikanyamaza, usukani ukageuka mpaka mwisho, lakini jetski ikaendelea mbele vilevile, imenyooka, kana kwamba hakuna mtu aliyeishika. Séraphin aliinua mkono mmoja kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe.

Jetski ikaugonga mtumbwi, wote wakatumbukia. Chancelle aliibuka akikohoa, jaketi limemshika. Elisée naye aliibuka. Séraphin hakuwa na jaketi. Elisée alijaribu kuzama kumtafuta, jaketi likamrudisha juu, akajaribu tena huku akihangaika na vifungo alivyokuwa amevikaza mwenyewe. Wavuvi wengine ndio waliomfikia Séraphin na kumtoa. Alikuwa bado anapumua walipompakia kwenye gari. Njia ya kwenda mjini ilikuwa imejaa malori yaliyopanga foleni na vumbi lake, na gari liliposogea, lilisogea kidogo tu. Kabla ya kufika hospitali hakukuwa tena na haraka.

Polisi walimweka Elisée ndani kwa siku chache, kisha wakamwachia. Tata Philippe alikuwa ameeleza kwamba mvuvi ndiye aliyekatiza njia. Elisée alipotoka hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Dimitri, fundi wa injini za mashua, akamwomba amweleze kilichotokea.

Dimitri alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ile mashini haina usukani ndani ya maji. Inapindishwa na maji inayotupa nyuma. Ukiacha gazi, haitupi tena maji. Ukate gidoni namna gani, itaenda tu kule ilikuwa inaenda."

"Ningefanya nini?"

"Ungebakiza gazi na kukata. Ungepita pembeni."

Elisée alikaa pale juu ya tairi kuukuu. Dimitri akarudi kwenye kazi yake.

Kesho yake Elisée alikwenda kwenye kilio, kijijini kwa wavuvi. Alikaa mbali na wanaume wengine, kofia yake mapajani. Mjane, mama Laurentine, aliletewa habari kwamba ni yeye. Akatoka ndani akiwa ameshikwa na dada zake, akasimama mbele yake.

"Ulimuona?"

"Nilimuona, mama."

"Sasa juu ya nini haukukata?"

"Nilikata. Niliacha gazi na nikakata, sawa tunafanyaka ku moto. Ile mashini, ukiacha gazi haipindi. Sikujua. Hakuna mwenye aliniambia."

Mama Laurentine akajitoa mikononi mwa dada zake. "Kumbe bwana yangu alikufa juu ya kintu moja tu haukujua."

"Ndiyo, mama."

"Enda. Mi sikulaani. Lakini sitaki nikuone umekaa hapa."

Elisée akaondoka. Alitembea mpaka barabara kuu, na pikipiki zilizosimama kumchukua alizikatalia.

Kiangazi kilichofuata alisikia kwamba jetski zimerudishwa majini. Dereva mpya alikuwa Kabeya, naye wa maegesho ya soko. Elisée akampeleka Nzilo siku ya kazi, ambapo hakuna wageni. Walitupa bidoni tupu, dumu la plastiki, ziwani, na Elisée, akiwa ukingoni, akamwambia aijie bidoni kwa nguvu, kisha aache gazi na kukata.

Kabeya alienda akicheka. Jetski ikaipanda bidoni. Aliporudi hakucheka.

"Rudia," Elisée akasema. "Sasa bakiza gazi." Walirudia mpaka mkono wa Kabeya ukaacha kubishana naye. Elisée akamwambia pia asikaribie matete hata akiamrishwa, na mahali penye mitumbwi apite polepole, akiwa bado mbali nayo. "Tata Philippe akikasirika, mwache akasirike."

Walipokuwa wakiivuta jetski mchangani, mama Laurentine alifika kutoka kwenye vichanja vyake vya kukaushia samaki. Alimpita Elisée bila kumsalimu, akasimama kwa Kabeya.

"Mitumbwi yetu inakuwaka chini," alisema. "Mawimbi ikipanda kidogo, hautaiona mpaka iko karibu. Na magaribi jua inapigaka macho kutoka upande ule. Saa ile usiende huku kabisa."

"Ndiyo, mama," Kabeya akajibu.

"Mwenye kuvuta wavu hawezi kukimbia. Mikono yake iko na kazi."

Akarudi kwenye moshi wake. Elisée aliendelea kufunga kamba, ameinamisha kichwa, na Kabeya akajifanya hamwoni.

Mvua zilipoanza, mama Laurentine aliuza mtumbwi na kuhamia kwa ndugu zake. Wavuvi waliobaki hawatupi nyavu upande ule siku za Jumapili, na wanalalamika kwamba ndiko samaki walipo. Elisée bado anaendesha pikipiki Kolwezi. Abiria wa kwenda Nzilo huwaachia wenzake. Wakimuuliza sababu, husema njia ni mbaya, na kweli njia ni mbaya.