Nilivyompeleka Mjukuu Wangu Mnadani

Shule niliishia darasa la pili, lakini maneno ya yule nesi niliyashika. Nilikuwa namchukua mjukuu wangu Dodoma, kwenye nyumba wanakotibu walioharibiwa na unga wa kulevya. Miezi minne hajagusa. Nesi akaniambia, "Bibi, kwenye ubongo kuna seli, zinapelekeana habari. Kwenye kila seli kuna protini za kupokea hizo habari. Unga umezibadilisha. Nyingine zimechoka, hata akila kitu kitamu hasikii raha. Nyingine zinakaa muda mrefu zinamkumbusha. Mwilini unga umekwisha, hizo bado."

"Basi zitoeni."

Akacheka. "Hazitolewi kama funza, bibi. Muda tu. Asirudi alikokuwa akivutia unga."

Nikadhani anasema huko mjini alikokuwa utingo wa malori. Ikungi kwetu sikuihesabu. Mimi nilitaka watu wamwone! Walishasema nitamzika. Siku ya mnada nikamwambia, "Mume wangu, twende tukauze beberu." Mjukuu wa kiume kwangu ni mume, huo ndio utani wetu, na yeye hunijibu, "Haya, mke wangu mkubwa."

Mnadani jirani yangu akapiga kelele, "Kumbe bado anapumua!"

"Anapumua kukushinda wewe na ugoro wako," nikamjibu. Nilitembea kifua mbele kama niliyemzaa jana.

Tukapita nyuma ya banda la nyama, malori yanakoegeshwa. Hakuna aliyempa kitu. Hakuna hata aliyemsalimia. Lakini akasimama ghafla, jasho likamtoka usoni, kamasi zikaanza kushuka, akawa anapiga miayo kama mtu wa malaria. Macho yake yako kwenye lori moja la bluu.

"Mume wangu?"

Nimewahi kukutana na fisi njiani nikiwa na mtoto mgongoni, sikuogopa hivi. Fisi unamwona. Hiki kilikuwa ndani ya kichwa cha mtoto wangu, na mimi ndiye niliyekileta mpaka mlangoni.

"Bibi," akasema, sauti imekauka, "hapa ndipo nilipoanzia kuvuta. Miguu inataka kwenda. Nifunge."

Nikavua khanga ya kiunoni, nikafunga mkono wake na wangu, fundo la kufungia mzigo wa kuni. Beberu nikamwachia jirani. Tukakatiza katikati ya mnada, watu wanacheka: "Bibi kamfunga mumewe asitoroke!" Jirani hakucheka. Nilisikia mishipa yake inavyogonga kwenye kiganja changu, na kila lori lilipowasha injini alinivuta kidogo, nami nikavuta.

Nyumbani nikamkalisha jikoni, nikaanza kulegeza fundo. Akaweka mkono wake mwingine juu ya wangu.

"Bado, bibi."

Nikapika ugali kwa mkono mmoja.