Macho ya Mama Holo

Utotoni mwangu, pale Misungwi, nilimwona bibi yangu akianza kumimina uji nje ya kikombe. Mboni za macho yake zilikuwa zimeingia weupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Mganga aliyeitwa nyumbani hakutaja jina. Alisema tu, "Kuna mwanamke jirani anamkodolea macho."

Hakuhitaji kutaja. Jirani yetu mjane, Mama Holo, alikuwa na tabia ya kumkazia mtu macho kwa muda mrefu, hata mtoto, kabla ya kuitikia salamu. Tukakatazwa kupita kwake. Nilipokutana naye kisimani sikumwamkia, nilikimbia. Nyuma yangu nilimsikia akiuliza, "Nani huyo?" Nikajua ananitega.

Wanaume wakaanza kunong'ona kwamba ahame. Kwetu Usukumani maneno hayo si ya kuchezea. Kuna vikongwe waliouawa kwa minong'ono ya namna hiyo.

Shangazi yangu, aliyekuwa mwalimu Butimba, ndiye aliyekuja kumpeleka bibi kliniki ya macho mjini. Bibi aligoma. "Wataning'oa jicho wakamwekee mtu mwingine!"

Daktari alimweleza taratibu kwamba ule ni mtoto wa jicho. Lenzi iliyo ndani ya jicho imeingia ukungu, mara nyingi kwa sababu ya uzee tu, na hakuna dawa ya matone inayouondoa. Jicho hutiwa ganzi, lenzi ile hutolewa, ikawekwa ya bandia. Bibi alimsikiliza huku ameukamata mkono wa shangazi. Hakumwamini, ila alikubali.

Kesho yake baada ya upasuaji, bandeji ilipofunguliwa, alinitazama kwa muda mimi niliyemsindikiza. "Mbona umekonda hivi?"

Tuliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Mama Holo, sisi tukimfuata kwa hofu. Alimshika kidevu, akamgeuza uso kuelekea juani.

"Dada," alisema, "kumbe na wewe huoni."

Ulikuwa weupe uleule. Muda wote tuliodhani anatukodolea, alikuwa akijaribu kututambua.

Naye alitibiwa, na hakuhama. Alituitikia kwa sauti njema hadi mwisho wa maisha yake, lakini hakuketi tena uani kwetu kama zamani. Bibi hakuwahi kumlaumu kwa hilo.

Watu huniambia nilikuwa mtoto tu. Labda. Lakini sasa ni mtu mzima, na bado jina la mtu likinong'onwa, mimi hutega sikio kwanza, aibu hunijia baadaye.