Kiti Kilichotazamana na Changu

Mkono wangu wa kulia ulianza kufa ganzi nikiwa napiga randa mlango wa mteja mmoja wa Turwa. Ganzi ilitoka shingoni, ikashuka begani, ikaishia kwenye kidole gumba na cha pili, kama sisimizi wanaohama. Jirani alinichua, nikameza dawa za dukani, na bado kila nikiinama juu ya meza ya kazi shingo ilinichoma. Seremala asiyeusikia msumari vidoleni atakula nini? Nikaenda hospitali.

Picha ilionyesha pingili za shingo zimebana mshipa wa fahamu. Mtaalamu wa viungo, kijana mgeni katika mkoa wetu, alikuwa anakuja Alhamisi asubuhi tu. Alinipangia Alhamisi sita za kuvutwa shingo.

"Usikatize, fundi," alisema. "Ukikatiza, huu mkono utakonda, na ukishakonda mimi siahidi kitu."

Kuvutwa kwenyewe ni hivi: unakaa kitini, unafungwa mkanda chini ya kidevu, kamba inapanda kwenye gurudumu na kushuka na uzito upande wa pili. Huongei, hugeuki. Dakika ishirini. Alhamisi ya pili nilikuwa nimening'inia hivyo mlango ulipofunguliwa, akaingia mama mkwe wangu kutoka Nyanungu.

Kwetu Wakurya, mwanamume na mama mkwe wake hawakai uso kwa uso. Miaka yote ya ndoa yangu, nikimwona njiani naingia kwenye mahindi, naye anageukia upande wa pili, tunasalimiana kwa mbali na heshima inabaki salama. Chumba kile hakikuwa na mahindi. Kilikuwa na viti viwili vilivyotazamana, na kijana akamkalisha kwenye cha pili.

Shikamoo yangu ilitokea puani. Nilitaka kugeuka, mkanda ukanikatalia. Nikafumba macho. Nilipochungulia, niliona amejifunika kanga usoni.

"Mbona mnajificha?" kijana akauliza. "Hapa hakuna sindano."

Nilimpungia mkono anifungue, nikatoka bila kuaga. Nilikuwa na hasira na mkanda, na kijana, hata na mama wa watu ambaye kosa lake lilikuwa bega bovu.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka.

"Sasa utafanyaje?"

Nikiendelea, namvunjia mama yake heshima kila wiki. Nikiacha, mkono unakwenda. Alhamisi ya tatu sikwenda. Jumamosi yake patasi ilinikata kidole gumba, na nilijua tu nilipoona damu juu ya mbao. Sijawahi kuogopa namna ile.

Alhamisi ya nne nilishusha kofia hadi kwenye nyusi, nikaenda. Kiti cha pili kilikuwa kitupu.

"Yule mama amesema amepona," kijana aliniambia huku akinifunga.

Nilifurahi, sifichi. Kiti kilikuwa kitupu wiki hiyo na zote zilizofuata, na kijana akaniongezea siku za kufidia nilizotoroka. Ganzi ilirudi nyuma kidogo kidogo, mwishowe ikaisha.

Baadaye mke wangu alikwenda kwao kusaidia kuvuna. Aliporudi, alikaa akifungua kilemba chake.

"Mama hawezi kufunga kilemba," akasema. "Mkono haufiki kichwani. Ni mimi niliyekuwa nikimfunga."

"Si alipona?"

"Apone wapi? Wiki ile uliyotoroka, kabla hujarudi mwenyewe, nilimwambia umeacha matibabu kwa sababu yake. Akasema, 'Mwambie mume wako arudi. Mimi kilemba nitafungwa na mtu yeyote. Yeye msumeno atashikiwa na nani?'"

Kesho yake nilikimbilia hospitali kumwombea nafasi. Yule kijana alikuwa amehamishwa, na hakuna aliyejua mwingine angekuja lini. Kwenda Nyanungu kukaa mbele yake nimwombe msamaha, siruhusiwi. Hata asante yangu lazima ibebwe na mke wangu. Nilirudi karakana, nikashika randa. Vidole vyote vilikuwa vinasikia, na sikujua nivipeleke wapi.