Vipimo vya Bulaimu

Mwaka wa 1953, Bulaimu, mtu wa kijiji cha Wamaza, alikuwa akichuna ndege huko Kasongo, Kongo ya Wabelgiji, kwa Mbelgiji aliyeitwa Verschaeve, aliyepeleka ngozi zao kwenye makumbusho ya Ulaya. Ndege wenyewe walitaga kwenye michanga ya mto Lualaba wakati wa kiangazi. Walikuwa jamaa za ndege wa baharini, weusi mgongoni, weupe tumboni, taya la chini limelipita la juu. Dume na jike walifanana rangi. Ili kutambua yupi dume, yupi jike, ilibidi kuwaua na kuwapasua.

Bulaimu alimpima kila mmoja mdomo na bawa, akaandika, akapasua, akatazama, akajaza pamba. Msimu wa tatu akaanza kutaja dume au jike kabla ya kushika kisu. Wenye mdomo mrefu walikuwa madume. Katika ndege arobaini alikosea wawili tu.

Asubuhi moja akampelekea bwana wake daftari.

"Bwana, hakuna tena haja ya kuua. Tuwakamate na wavu, tuwapime, tuwaachilie."

Verschaeve alisoma kurasa zote, kisha akampa mkono. Hakuwahi kufanya hivyo.

"Bulaimu, hii iko kazi nzuri sana. Lakini Ulaya hawataamini ndege arobaini. Tutafute mia moja ingine, tupasue wote, tuhakikishe."

"Bwana, kwenye muchanga hawafiki mia mbili. Na sasa wako na mayai."

"Basi tufanye upesi, mbele ya mvua."

Angekataa, wangemrudisha kwenye mashamba ya pamba ya lazima. Akaenda. Kwa siku nne Verschaeve alipiga bunduki, yeye akapima. Ndege hao hulowesha matumbo mtoni ili kuyapoza mayai. Sasa mayai yalibaki peke yake juani. Bulaimu alivunja moja, akakuta kitoto kimeshaiva ndani kwa joto la jua. Hakuvunja la pili.

Katika ndege mia na kumi alipatia mia na tano. Verschaeve alifurahi, akaandika Ulaya.

Kiangazi kilichofuata Bulaimu alivuka kwa mtumbwi hadi kwenye mchanga ule, akauzunguka wote. Ndege waliobaki hawakuwa wamerudi. Wiki hiyo hiyo akaacha kazi.

"Umeacha mushahara kwa ajili ya ndege?" mkewe Salima alimuuliza.

"Mimi ndiye nilimuonyesha ile daftari."

"Wewe ulitaka waache kuuawa."

"Ndiyo," akasema, akaendelea kufunga mizigo. Siku ya tatu wakashika njia ya Wamaza kwa miguu, na kule akalima mpunga.