Mwizi wa Jina la Wakulima wa Kabazi

Niliporudi Nakuru kutoka Doha, na diploma ya kompyuta niliyojilipia mwenyewe, sikudhani kuna mashine ya kunishinda. Nikafungua ofisi mtaa wa Bondeni, nikawa wakala wa kusajili majina ya tovuti.

Wiki jana Mama Chebet, mwenyekiti wa wakulima wa viazi Kabazi, alinipa kazi. Jina la tovuti walikuwa wameshalichapisha kwenye magunia yote. Nilibonyeza kusajili, ukurasa ukakwama. Nikabonyeza tena. Mfumo ukajibu kwamba jina limeshachukuliwa.

"Limeibwa!" nikamwambia.

Mama akachukua mkoba wake. "Usipolirudisha, kijana, tunatafuta wakala mwingine."

Basi nikaenda naye kwenye mkutano ambapo wenye mfumo walitaka maoni ya mawakala. Nilisimama, nikapaza sauti. "Mfumo wenu unawaibia wakulima! Na mimi si mtu wa kudanganywa, nimesoma!" Watu wakapiga makofi. Nikanogewa, nikataka mwizi akamatwe siku hiyo hiyo.

Dada mmoja wa huduma kwa wateja, aliyeketi mbele na kompyuta, hakukasirika. "Boss, hebu tulitafute jina hilo hapa, sote tuone."

Kwenye skrini ya ukutani, kwa herufi kubwa, likatokea jina la wakala aliyelisajili. Lilikuwa langu, na namba yangu ya simu chini yake.

"Ulibonyeza mara mbili," akasema kwa upole. "Ile ya kwanza iliingia."

Nilikuwa bado nimesimama, kidole hewani. Mama Chebet akavaa miwani, akasoma polepole, akanigeukia.

"Sasa, boss, polisi wakushikie hapa ama ofisini?"