Lugha Niliyomnyima Bibi

Nakumbuka asubuhi moja kule Rutamba, mwanangu, nilipomsikia bibi yangu akicheka chumbani nami nikaumia kana kwamba nimeibiwa. Usinishangae. Mimi mjomba wako sijaota mvi, nimemaliza chuo juzijuzi na kazi bado naitafuta, lakini mtoto wa dada humsikiliza mjomba wake, basi nisikilize.

Bibi alikuwa ametoka hospitali Lindi baada ya kiharusi. Mkono wa kulia haukuinuka, na Kiswahili kilikuwa kimeondoka chote. Kilibaki Kimwera, lugha ya kwao, vipande vipande. Mama yako alilelewa na Bibi, Kimwera akakipata kwenye palizi na jikoni. Mimi nililelewa mjini na baba aliyeogopa nitachanganya lugha, nikaambulia Kiswahili, na Kiingereza cha darasani. Kwa hiyo dada yangu akiingia chumbani na kusema mawili matatu, Bibi hucheka; nikiingia mimi, hunitazama kama mgeni aliyepotea njia. Mimi, mjukuu aliyesomeshwa kwa korosho zake! Nilikaa barazani nikihesabu wamecheka mara ngapi. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa wivu.

Siku ya kumrudisha kliniki nilikwenda naye mimi. Daktari aliniambia wazi, "Zungumzeni naye kwa lugha yoyote inayotangulia. Nyingine huenda ikafuata." Akanieleza kwamba mwenye lugha mbili hana vichwa viwili. Lugha zake zote hukaa macho kwa wakati mmoja, na ubongo hufanya kazi ya kuituliza moja ili nyingine ipite; mwenye lugha moja hana mzigo huo. Kiharusi kikishagusa hapo, pengine moja hurudi kabla ya nyingine, na hakuna ajuaye mapema itakuwa ipi.

Nikafika nyumbani nikasema, "Daktari amekataza Kimwera. Kinamchanganya. Asemeshwe Kiswahili tu."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hakuna aliyebisha, maana msomi ni mimi. Mama yako aliinamisha kichwa akatoka.

Siku tisa nilikaa na Bibi nikimwonyesha vitu. "Kikombe, Bibi. Sema kikombe." Alifumba mdomo. Kufikia siku ya nne hakugeuza hata uso, na uji ulirudi jikoni umefanya utando. Nami, unavyonijua, niliwaza mambo mia: labda kiharusi kimerudi, labda dawa si zenyewe, labda amekata tamaa. Niliwaza yote isipokuwa lile moja nililolijua.

Siku ya kumi akaja mzee Issa, mtani wa ukoo wetu. Mtani hakatazwi neno, hata msibani. Nilijaribu hata hivyo, nikasimama mlangoni.

"Shikamoo, babu. Tafadhali, Kiswahili tu, daktari amesema..."

"Marahaba. Huyo daktari naye ni mtani wake? Nipishe."

Akapita, akaanza kumfokea Bibi kwa Kimwera. Mama yako alinitafsiria baadaye: "Nimekuja kuchukua kitanda changu cha urithi, mbona bado umekilalia?" Kisha Bibi, mdomo ukienda upande, akajibu neno moja. Halafu matatu.

Mzee Issa akajipiga paja. "Amenitukana! Jamani, amenitukana vizuri kabisa!"

Mama yako alilia palepale mlangoni.

Aliponifuata uani, mzee hakuwa akitania tena. Aliniuliza nani hasa aliyekataza, nikamwambia ukweli. "Wivu wa kugombea shamba naujua," akasema. "Huu wa kugombea mdomo wa mgonjwa, leo ndiyo nauona. Kamwambie dada yako, kabla sijamwambia mimi."

Mama yako alikuwa akichambua mbaazi. Nikamweleza yote; hakuinua macho. "Nilijua," akasema.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mimi niliishia la saba, wewe una digrii. Toka utotoni nakuonea wivu wewe."

Nilikaa chini, nikachambua mbaazi naye.

Kimwera kilizidi kurudi, na Kiswahili kikafuata kwa mbali, si chote. Lakini zile siku tisa hazikurudi, na Bibi hakuwa na nyingi. Nilijifunza kumsalimu na kumuuliza kama anataka maji. Alinicheka matamshi mpaka alipofariki.

Sasa nasikia mama yako akikusemesha Kimwera mbele ya wenzako, unamjibu Kiswahili huku ukitazama pembeni. Mjibu kwa kile alichokuita nacho, mwanangu. Hakitakula nafasi ya kingine kichwani mwako. Ukimwona mtu ana kitu usichonacho, mwombe akufundishe, usimzibe mdomo. Na elimu ikikupa neno ambalo watu wataliamini, lifikishe kama ulivyolipokea.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuomba radhi, na akuzeeshe katikati ya watu wanaokuelewa.